Bibi, ulimi wako unajenga au unabomoa?

*Mwongozo wa Neno la Mungu kwa akina mama wazee wa Kasulu na Kibondo, na kwa wazazi wanaowategemea*

KATIKA vijiji vya Kasulu na Kibondo, bibi ndiye anayebaki na wajukuu wazazi wanapokwenda shambani, mnadani au mjini kutafuta maisha. Ndiye anayeamshwa usiku mtoto akipandwa na homa. Ndiye pia anayekaa na bibi harusi siku chache kabla ya ndoa, amwambie yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema.

Kwa sababu hiyo, neno lake halipotei. Mjukuu hulishika, mkwe hulipima, jirani hulibeba hadi kisimani. Neno hilo linaweza kuitunza ndoa au kuivunja. Wakati mwingine linaweza kuhatarisha hata uhai wa mtu.

Mtume Paulo alilijua hilo. Alipomwandikia Tito, aliyekuwa akisimamia makanisa katika kisiwa cha Krete, aliwatengea wanawake wazee nafasi yao (Tito 2:3-5). Aliwataka wawe na mambo manne: mwenendo unaowafaa watu wa Mungu, ulimi usiosingizia, maisha yasiyotawaliwa na kileo, na moyo wa kufundisha mema.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Paulo hakumwagiza Tito awafunde wanawake vijana yeye mwenyewe. Kazi hiyo aliwakabidhi wanawake wazee. Mchungaji ana mimbari yake, lakini kuna mafundisho ambayo binti huyapata jikoni, shambani na njiani, kutoka kwa mwanamke aliyemtangulia.

Mzee ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Paulo naye, alipomweleza Timotheo kuhusu wajane wa kuandikishwa kanisani, alitaja umri huohuo wa miaka 60 (1 Timotheo 5:9).

Hata hivyo, vijijini mwanamke huitwa bibi mapema. Aliyezaa akiwa na miaka 18, na binti yake akazaa katika umri huohuo, anampakata mjukuu kabla hajafikisha 40. Wajibu huu hausubiri mvi. Unaanza siku ambayo mwanamke mdogo kuliko wewe anapoanza kukutazama ili ajue namna ya kuishi.

Ulimi kwanza

Salamu ya Waha haina haraka. Anayesema "Mwakeye" asubuhi hapiti mbio. Husimama na kutaka kujua watu wa nyumbani wameamkaje, mgonjwa anaendeleaje, mifugo na mazao vikoje. Ni utamaduni mzuri, na mjane anayeishi peke yake anaweza kujulikana ni mgonjwa kwa sababu tu jirani alisimama kumsalimu.

Lakini habari za watu hupita katika mazungumzo hayohayo, na ulimi hauna mfupa. Mazungumzo yaliyoanza kwa kujuliana hali yanaweza kuishia kwa kumchambua mke wa fulani, na mwisho wake kumshuku bibi wa nyumba ya tatu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye shutuma za uchawi. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa, wamechomewa nyumba au wamefukuzwa vijijini kwa kushukiwa tu. Mara nyingi "ushahidi" ni macho mekundu. Wanaosema hivyo husahau kwamba mwanamke aliyepikia kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha amevuta moshi maisha yake yote, na macho yake lazima yaonyeshe hivyo.

Mkoani Kigoma kuna pia makundi ya wapiga ramli yanayojulikana kama kamchape au lambalamba. Huingia kijijini yakidai kufichua wachawi, hukusanya fedha, kisha huingia nyumba za watu na kuwadhalilisha wanaotajwa. Wakiondoka, huacha majirani ambao hawawezi tena kuketi pamoja, hata kanisani.

Sheria iko wazi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchi nzima, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kasulu inazijua athari za imani hizo kwa karibu, kwa kuwa Kabanga ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbia makwao ili kuokoa maisha yao.

Tatizo ni kwamba kamchape haanzi na hirizi. Huanza na jina ambalo tayari linanong'onwa kijijini, na mara nyingi mnong'ono huo umepita midomoni mwa wanawake wenyewe. Mtoto amefariki, na mama mmoja anasema, "Asubuhi ile nilimwona yule bibi akipita hapa." Hakusema uongo, kwa kuwa kweli alimwona akipita. Lakini alivyolisema, na wakati aliochagua kulisema, vimemweka mwenzake kwenye hatari ya kupigwa mawe.

Neno ambalo Paulo alilitumia kwa Kigiriki kuwaeleza wasingiziaji ndilo hilohilo ambalo Biblia hulitumia kumtaja Ibilisi, yaani mshitaki. Anayemsingizia mwenzake anafanya kazi ya bwana mwingine, hata kama Jumapili anaimba kwaya.

Mwanamke mzee mcha Mungu anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kufungua kinywa:

- Je, jambo hili nimeliona mwenyewe, au nimelisikia?
- Je, nimekwenda kwanza kwa mhusika, kama Bwana Yesu alivyofundisha katika Mathayo 18:15?
- Kama ni ugonjwa au kifo, je, mtoto alifikishwa zahanati na kupimwa? Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imekuwa mzigo mkubwa, na malaria hairogwi na mtu.

Kuna hatua nyingine inayohitaji ujasiri zaidi. Mwenzako akianza kunong'onwa, nenda kwake mchana kweupe, kaa naye barazani, kula chakula chake. Kijiji kikiona akina mama wa kanisa wanakula kwa bibi anayeshukiwa, maneno mengi hupoa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hao wasipothubutu kusimama na mwenzao, litaharibika mbele ya macho yao.

Chungu cha pombe na ada za shule

Jambo la pili ni kileo. Makanisa ya Kigoma hayafundishi sawasawa juu ya hili. Wapo wanaokataza pombe kabisa, hasa Wapentekoste, Waadventista na wale wa uamsho ndani ya Anglikana. Wapo wanaosema kosa ni ulevi, si kuonja. Lakini hakuna kanisa linalotetea bibi mlevi, na Tito 2 inasema wazi kuwa mwanamke mzee asiwe mtumwa wa kileo.

Suala gumu zaidi si kunywa, ni kupika. Mjane aliyeachiwa wajukuu wanne anahitaji daftari, sare, chumvi na sabuni. Pombe ya ndizi inauzika kila siku, na mtaji wake uko mgombani nyuma ya nyumba. Kumwambia aache bila kumwonyesha njia nyingine ni kumtwisha mzigo ambao wewe huugusi hata kwa kidole.

Pamoja na hayo, gharama yake lazima itazamwe. Nyumba inayouza pombe haina saa ya kufunga. Mjukuu wa kike anayewapelekea wateja vikombe jioni anasikia matusi na kushikwa mkono, na siku moja atafuatwa gizani. Mjukuu wa kiume anajifunza kuonja masalia. Fedha ya daftari imepatikana, lakini mwenye daftari amepotea.

Hapa kanisa lina deni. Kikundi cha akina mama kinachomtenga mpika pombe bila kumwingiza kwenye kikoba hakijamsaidia. Njia zipo: kuku wa kienyeji, mbegu za maharage kwa msimu, sabuni za mawese, bustani ya mboga karibu na maji. Hazileti fedha haraka kama pombe, ndiyo maana mjane anahitaji wenzake wa kumshika mkono miezi ya kwanza. Kama bado anapika, basi angalau watoto wasihudumie wateja, na wasilale chumba kilicho karibu na wanywaji.

Kumfunda binti: kuvumilia nini?

Paulo anataka wanawake wazee wawafundishe vijana kuwapenda waume zao na watoto wao, kuwa na kiasi na kuzitunza nyumba zao. Mafundisho haya hutolewa kwa namna nyingi Kasulu na Kibondo: katika vikundi vya akina mama, nyumbani kwa shangazi, na siku hizi hata kwenye kichen pati mjini.

Neno linalosikika zaidi huko ni "vumilia". Ni neno la Kikristo, lakini linahitaji kuelezwa. Vumilia umaskini wa miaka ya kwanza. Vumilia mume anayekoroma, mama mkwe mwenye maneno mengi, msimu ambao mahindi yamekataa. Huo ni uvumilivu unaojenga nyumba.

Kupigwa ni jambo lingine. Bibi anayemrudisha mjukuu wake kwa mume anayemvunja mbavu, akimwambia ndoa ndivyo ilivyo, hafundishi mema. Waefeso 5 inamwagiza mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, hata kutoa uhai wake kwa ajili yake. Mafundisho ya utii yanayoacha sehemu hiyo ni nusu ya mafundisho. Mwanamke mzee mwenye busara atampokea binti, atamwita mchungaji au katekista, na hatari ikiwa kubwa ataambatana naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayepata mimba. Desturi ya kuketi wazee wa pande mbili, kuhesabu mbuzi na kuyamaliza nyumbani bado inavutia, kwa sababu inaficha aibu. Lakini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba, na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Bibi anayesema, "Mtoto huyu nitalea mimi, wewe rudi darasani," amefanya huduma kubwa kuliko michango mingi ya ujenzi.

Imani hupita mikononi mwa bibi

Timotheo alikuwa kiongozi kijana wa kanisa. Paulo alipotaka kumtia moyo, alimkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Baba yake alikuwa Myunani, na Maandiko hayasemi lolote juu ya imani yake. Mtoto alifikishwa kwa Mungu na wanawake wawili wa nyumbani.

Nyumba nyingi za nyanda za juu za Kigoma zinafanana na hiyo. Baba yuko mbali au hasali, na mtoto anajifunza kukunja mikono kabla ya ugali kwa sababu bibi amekunja. Hilo halihitaji elimu. Linahitaji bibi ambaye mjukuu hajamsikia akisali asubuhi na kumtukana jirani mchana.

Yupo pia Naomi. Alirudi Bethlehemu kutoka ugenini akiwa amezika mume na wana wawili, na moyo wake ulikuwa mchungu hata akataka aitwe Mara. Mabibi waliokimbia Burundi na Kongo na kupitia kambi ya Nduta, Kibondo, na ya Nyarugusu, Kasulu, wanaielewa habari hiyo bila kuhubiriwa. Lakini Naomi hakuugeuza uchungu wake kuwa ukali kwa mkwewe. Alimtafutia Ruthu mahali pa kupumzika, akampa ushauri wa maana, na mwisho akampakata mtoto wa Ruthu. Mama mkwe anayeuliza "mkwe wangu atapata wapi raha?" kabla ya kuuliza "ameniletea nini?" amemwelewa Naomi.

Waliotangulia

Umoja wa Akina Mama wa kanisa la Anglikana, unaojulikana duniani kama Mothers' Union, ulizaliwa na mwanamke aliyekuwa bibi. Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford nchini Uingereza, Mary Sumner, mke wa kasisi mwenye umri wa miaka 47 hivi, alimwona binti yake akipata mtoto wa kwanza. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoogopa alipoanza kulea, bila mtu wa kumwelekeza. Akawaita akina mama wa parokia, matajiri kwa maskini.

Siku ya kwanza aliingiwa na woga akashindwa kuzungumza, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi. Leo umoja huo una wanachama zaidi ya milioni 4 duniani, na wengi wao wako Afrika. Mama mzee wa Kibondo anayesema "mimi sijui kusimama mbele za watu" hana woga mkubwa kuliko wa mwanzilishi.

Kwa upande wa Wakatoliki, WAWATA, umoja wa wanawake wa kanisa hilo nchini, ulianza mwaka 1972 na kutimiza miaka 50 mwaka 2022.

Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Anglikana, iliyoundwa mwaka 1966. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulienea Burundi, Uganda na Tanganyika, na umeacha alama katika makanisa ya upande huu. Watu wa uamsho walisisitiza kutembea nuruni: ukimkosea ndugu, unamwendea na kukiri, hauzunguki kumsema. Kanuni hiyo moja, ikishikwa na akina mama wazee wa kitongoji kimoja, ingemwondolea kamchape kazi.

Wazazi nao wanadaiwa

Ni rahisi kumsomea bibi wajibu wake na kusahau wa watoto wake. Paulo anasema watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wazazi fadhili, na kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:4, 8).

Mzazi anayefanya kazi mjini na kumwachia bibi watoto watatu anapaswa kujiuliza: ninatuma kiasi gani, na kila lini? Nikipiga simu, ninamuuliza hali yake, au ninauliza watoto tu? Bibi mwenye miaka 70 anayechota maji, kupasua kuni na kukesha na mtoto mgonjwa amechoka, na uchovu huzaa ukali. Wakati mwingine ulimi mchungu wa bibi unatokana na mgongo unaouma na simu isiyopigwa.

Mzazi pia ndiye wa kwanza kumlinda. Ukisikia mama yako anashukiwa, usikae kimya kwa kuogopa kijiji. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa polisi na kwa viongozi wa kanisa kabla kundi halijakusanyika.

Mambo ya kuanza nayo wiki hii

*Kwa bibi:*

- Chagua mwanamke mmoja kijana, awe mkwe, jirani au mama wa mtoto wa kwanza, umtembelee mara moja kwa wiki. Sikiliza kwanza.
- Jina la mtu likitajwa vibaya mbele yako, sema jema moja unalolijua juu yake, kisha geuza mazungumzo.
- Sali na wajukuu kwa sauti kila jioni, ukiwataja mmoja mmoja kwa jina.
- Kama kuna mwenzako mliyekosana, mwendee kabla ya Jumapili.

*Kwa mzazi:*

- Panga siku maalumu ya kutuma matumizi, na uitimize.
- Punguza moshi: toboa dirisha jikoni au changia jiko banifu. Utayaokoa macho ya mama yako, na maneno ya watu pia.
- Wafundishe watoto kwamba bibi hatukanwi wala haitwi mchawi, hata kwa utani.
- Hifadhi kwenye simu namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kwa ajili ya mtoto aliye hatarini.

*Kwa kikundi cha akina mama kanisani:*

- Tengenezeni orodha ya wajane na wazee wanaoishi peke yao katika kitongoji, na mgawane kuwatembelea.
- Mwingizeni mpika pombe kwenye kikoba kabla ya kumwita kwenye baraza la kanisa.

Nabii Ana alikuwa mjane mkongwe, wa miaka 84, alipompokea mtoto Yesu hekaluni (Luka 2:36-38). Hakuwa na mume, wala hatusomi kwamba alikuwa na mali. Alikuwa na sala, na kinywa kilichokwenda kuwaambia watu habari njema ya mtoto. Kila kitongoji cha Kasulu na Kibondo kina wanawake wa umri wake. Binti zao na wajukuu zao wanasikiliza wanachosema.